Mguu mmoja umevimba baada ya upasuaji wa uzazi, na mama mkwe anaukanda kwa maji ya moto

Shikamoo Bi Mkunga,

Dada yangu ana miaka 31. Amejifungua kwa upasuaji mtoto wake wa tatu, na leo ni siku ya kumi na mbili. Yuko ukweni, wilayani Muheza. Analala arobaini huko kwa sababu mama yetu alishatangulia mbele ya haki na mimi kibarua changu kiko Tanga mjini. Jana nilikwenda kumwona, na usiku sikupata usingizi.

Alinionyesha mguu wa kushoto. Umevimba kuanzia kifundoni hadi pajani, ngozi imevutika inang'aa, na ukiuwekea kiganja unasikia joto ambalo mguu wa kulia hauna. Kikuku cha fedha alichovaa tangu harusi yake kilikuwa kimezama nyamani, ikabidi shemeji akikate kwa koleo. Anasema siku tatu nyuma alihisi kama msuli umembana kwenye shavu la mguu, akadhani amelalia vibaya.

Mama mkwe wake ni mtu mwema, nisije nikaonekana namsema. Yeye anasema ni baridi ya uzazi imeshuka mguuni, eti kwa kuwa dada alikanyaga sakafu bila kandambili. Anamkanda asubuhi na jioni kwa maji ya moto, kisha anamchua kwa mafuta ya nazi na karafuu, anakamua kutoka chini kwenda juu mpaka dada anatoa machozi. Jirani naye amesema wazi kwamba kuna kitu amekanyaga, na mganga ameshatajwa. Zahanati walimpa diclofenac, wakasema ni maji ya dripu, yatashuka yenyewe.

Kuna jingine. Jana alipotoka kuoga alikaa kibarazani akihema, na bafu liko hatua chache tu kutoka hapo. Anasema damu imempungua. Mimi nikamkumbuka mama yetu mdogo, aliyefariki siku chache baada ya kuzaa. Alianguka ghafla akitoka msalani, watu wakasema presha.

Nikitamka hospitali nitaonekana nimekuja kumnyang'anya mwenyewe mgonjwa wake. Nifanyeje? Na la kwangu mwenyewe: nina miaka 27, natumia vidonge vya majira, na kila mwisho wa mwezi napanda basi kwenda Dar. Je, haya yanaweza kunipata?

Mdogo wa mzazi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wajue kwanza kwamba ujumbe huu haukungoja zamu ya kuchapishwa. Uliingia saa mbili usiku, na kabla ya saa tatu nilikuwa kwenye simu na shemeji mtu. Nilimwomba atafute futi ya fundi cherehani, azungushe kila mguu kiasi cha kiganja kimoja chini ya goti, anisomee. Wa kulia sentimita 36, wa kushoto 41. Madaktari huanza kutilia shaka tofauti inapozidi sentimita 3. Nikamwambia wauache mguu kama ulivyo, asiuguse mtu, na mgonjwa aondoke usiku huohuo. Alifikishwa hospitali ya rufaa ya mkoa, akapimwa kwa utrasaundi ya mishipa, na bonge la damu likaonekana kwenye mshipa mkubwa wa paja. Sasa yuko kwenye sindano na anaendelea vizuri. Barua nimeichapisha kwa ruhusa yake na ya mdogo wake, maana najua wako wengine kibarazani wanahema na wanaambiwa damu imepungua.

Nianze na kinachotokea ndani. Mguuni tuna mishipa ya juujuu, ile tunayoiona kwa macho, na mishipa mikubwa iliyojificha katikati ya nyama, inayorudisha damu kwenye moyo. Damu ikiganda kwenye hii ya ndani inaziba njia. Inayoshuka inashuka, inayopanda haipandi, na mguu unajaa. Mateso ya mguu, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya hatari. Kipande kikimeguka kinapanda na damu hadi moyoni, kinasukumwa kwenye mapafu, kinanasa huko. Kikiwa kidogo mtu anahema na kusikia kichomi. Kikiwa kikubwa anaanguka, na mara nyingi anaangukia pale alipoinuka, akitoka kitandani au akienda chooni. Siwezi kusema ndicho kilichomchukua mama yenu mdogo, kwa kuwa hakupimwa. Ila kila ninaposikia habari za mzazi aliyekuwa mzima jana na leo ameanguka msalani, presha siyo jambo la kwanza linalonijia kichwani.

Sasa kwa nini yeye, na kwa nini wakati huu? Karne ya 19 daktari Mjerumani Rudolf Virchow alifungua maiti nyingi na kuandika juu ya mabonge haya. Kutokana na kazi yake madaktari hadi leo huhesabu vyanzo vitatu: damu inapotembea polepole, mshipa unapojeruhiwa, na damu yenyewe inapokuwa rahisi kuganda. (Alizaliwa tarehe 13 Oktoba, na siku hiyo ndiyo ya kimataifa ya ugonjwa huu.) Mzazi aliyepasuliwa anavyo vyote vitatu kwa mpigo. Mwili wa mjamzito huifanya damu iwe rahisi kuganda ili siku ya kuzaa asivuje hadi kufa, na hali hiyo haikomi mtoto anapolia. Hatari iko juu kabisa katika wiki sita za mwanzo, na hubaki juu kidogo hadi kama wiki ya kumi na mbili. Upasuaji unajeruhi mishipa. Kulala kunatuliza damu miguuni. Na kwamba ni mguu wa kushoto hakunishangazi hata kidogo: nyongani mshipa unaorudisha damu ya mguu huo unapita chini ya ateri ya kulia, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mguu wa kulia, na kubanwa nayo, na mimba inazidisha mbano. Kwa wajawazito na wazazi wapya, mabonge mengi hukaa kushoto.

Wiki sita hizo, ukizihesabu, ni arobaini yetu na siku mbili juu. Mimi siipingi arobaini. Mama wa Kizungu anayerudi ofisini na maziwa yakimchuruzika angeitamani. Uji wa pilipili manga, mtu wa kukufulia, mtu wa kumpokea mtoto usiku, yote hayo ni dawa. Ninachokipinga ni kumfanya mzazi mgonjwa wa kitandani. Aliyepasuliwa anatakiwa kuinuka na kutembea mapema, ikiwezekana ndani ya siku ile au kesho yake, kwa kushikwa mkono; na akishafika nyumbani atembee chumbani, uani, mara nyingi kwa siku, na anywe vya majimaji vya kutosha. Arobaini haivunjwi na mtu kuzunguka ua wa nyumba yake.

Kukanda nako nitenganishe. Kumwosha mzazi kwa maji ya uvuguvugu hakuna neno, mradi kidonda cha upasuaji kisikandwe wala kukamuliwa. Lakini mguu mmoja uliovimba ghafla usikandwe, usichuliwe, usichanjwe chale, usiumikwe. Mkono unaokamua kutoka chini kwenda juu unalisukuma bonge kuelekea kulekule tusikotaka lifike. Diclofenac ilituliza maumivu na kumpa kila mtu sababu ya kusubiri, basi.

Tuseme na juu ya majina mengine uliyopewa. Dripu na maji ya mimba huvimbisha miguu yote miwili, inashuka siku hadi siku, na kidole ukikibonyeza kinaacha shimo pande zote. Miguu yote miwili ikivimba pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au kushindwa kupumua ukilala chali, hilo nalo ni la kukimbilia hospitali, kwani kifafa cha mimba huweza kuja hata baada ya kuzaa, na moyo wa mzazi huweza kuchoka. Lakini ni ugonjwa mwingine. Sisi watu wa pwani ya Tanga tunayajua matende, ila matende hujengeka kwa miaka, hayaji ndani ya siku tatu. Na kuhusu kukanyaga kitu: sitabishana na imani ya mtu kwenye gazeti. Anayetaka kusoma dua asome, hata ndani ya gari la wagonjwa. Mganga asiwe kituo cha kwanza tu.

Dalili za mguu mmeziona zote, nizipange kwa ajili ya wengine. Ni mguu mmoja. Maumivu huanza kama kubanwa na msuli, lakini hayaachii. Kuna uvimbe, joto, na uzito wakati wa kusimama. Vitabu vingi vinasema ngozi inakuwa nyekundu, na hapo watu wetu wanapotea, kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama kama imekuwa nyeusi zaidi ya mwenzake, imevutika au inang'aa, na tumia kiganja kupima joto. Wako pia ambao mguu hauonyeshi kitu na dalili ya kwanza inatokea kifuani: kuhema bila kazi, kichomi kinachozidi ukivuta pumzi, moyo kwenda mbio, kukohoa makohozi yenye damu, kizunguzungu au kuzimia. Hapo hatusubiri hata kupima kwa futi. Tanzania Bara piga 115, namba ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa wajawazito na wazazi wapya, haina malipo. Kama gari linachelewa, kodi chochote chenye magurudumu, mgonjwa akae, asitembezwe.

Hapa pana jambo moja la dada yako lililonitisha kuliko ule mguu: kuhema kibarazani. Mtu aliyejifungua juzi akisema anakosa pumzi, jibu la haraka ni upungufu wa damu, na kweli huo upo sana. Lakini haujaambiwa uje peke yake. Mwaka 2017 mcheza tenisi Serena Williams alijifungua kwa upasuaji. Kesho yake akakosa pumzi. Aliwahi kupata bonge kwenye mapafu mwaka 2011, kwa hiyo aliijua hali hiyo, akamwita muuguzi na kutaja mwenyewe kipimo anachokitaka na dawa anayoitaka. Muuguzi akadhani dawa za maumivu zinamchanganya. Aling'ang'ania, wakampeleka kwenye CT scan, yakakutwa mabonge madogo mapafuni. Ikiwa mwanamke tajiri na maarufu vile ilimbidi ang'ang'anie, mwanamke wa Muheza anahitaji mtu wa kung'ang'ania naye. Mtu huyo ni wewe.

Kwa hiyo ukifika mapokezi usiseme tu "mguu unamuuma". Sema hivi: amejifungua kwa upasuaji siku ya kumi na mbili, mguu mmoja umevimba kwa siku tatu, umezidi mwenzake sentimita tano, na sasa anahema, tunaogopa damu imeganda. Sentensi hiyo humtoa mgonjwa kwenye foleni. Na mkiambiwa kuna kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, jueni kwamba kwa mzazi mpya hupanda hata kama hakuna bonge, hivyo utrasaundi ndiyo ya kuulizia.

Nakuja kwa mama mkwe, ambaye nadhani ndiye hasa aliyekuandikisha barua. Ulifanya vizuri kutobishana naye mbele ya mgonjwa. Ukweni sauti inayosikika ni ya mwanawe, ndiyo maana na mimi nilimpigia shemeji, sikumpigia yeye. Mama alikuwa anafanya kile alichofanyiwa, kwa mikono yake, mara mbili kwa siku, na huyo ni mtu wa kutunzwa. Nenda kamshukuru. Mwambie, "Mama, umemlea mgonjwa wetu mpaka hapa, sasa daktari anasema mguu usiguswe, tusaidie kuulinda." Mpe kazi hiyo na utaona: hakuna jirani wala mganga atakayeusogelea. Angalia tu asijisikie kwamba alitaka kumuua mkwewe, na usikubali mtu yeyote wa upande wenu alitamke neno hilo.

Matibabu yanataka uvumilivu. Sindano za tumboni za jamii ya heparini haziyeyushi bonge kama watu wanavyodhani. Zinalizuia lisikue, na mwili wenyewe unaliyeyusha taratibu. Hospitali nyingi za nchi zetu humhamishia mgonjwa kwenye vidonge vya warfarin, akipishana na sindano kwa siku kadhaa, na hutumia kwa miezi mitatu au zaidi. Vyote viwili mama anaendelea kunyonyesha bila wasiwasi. Vidonge vipya kama rivaroxaban ndivyo ambavyo kwa kawaida haandikiwi anayenyonyesha. Warfarin inataka kupimwa damu mara kwa mara, kipimo wanakiita INR, na lengo kwa wagonjwa wengi ni kati ya 2 na 3. Chini ya hapo dawa haifanyi kazi, juu ya hapo anaweza kuvuja damu. Watu wataambiana asile mboga za majani. Ale. Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa, kwa hiyo asibadilishe kiasi: kama alikuwa anakula kila siku aendelee kila siku, siyo wiki nzima ugali na dagaa halafu Jumapili sufuria ya kisamvu. Diclofenac na aspirini aziache, apewe panado. Dawa za miti shamba asichanganye kabla daktari hajazijua. Na akitokwa damu puani isiyokoma, haja kubwa ikawa nyeusi kama lami, au damu ya uzazi ikarudi kwa wingi, arudi hospitali siku hiyohiyo. Warfarin haifai mtu akishika mimba, kwa hiyo uzazi wa mpango kwake ni lazima sasa, na vidonge vya kawaida vya majira asivitumie tena maishani. Kitanzi cha kopa hakina homoni, aulizie hicho.

Hilo linatufikisha kwako. Vidonge vya majira vilivyo vingi vina homoni mbili ndani yake, na iliyo na neno hapa ni estrojeni. Inaongeza uwezekano wa damu kuganda, ingawa kwa msichana mwenye afya uwezekano wenyewe ni mdogo, na ni mdogo kuliko ule wa mimba. Kwa hiyo wasomaji wengine msianze kuvitupa chooni. Hesabu yako wewe ni tofauti tangu wiki iliyopita: dada yako wa tumbo moja amepatikana na bonge. Huenda ni upasuaji tu, huenda kuna kitu cha kurithi kwenye damu ya familia. Chukua pakiti yako nenda nayo kliniki. Kama vidonge saba vya mwisho ni vya rangi ya kahawia, vile vya madini ya chuma, basi kwa kawaida ni ya homoni mbili. Omba njia isiyo na estrojeni, kijiti au kitanzi, na usiache vidonge kabla hujapewa mbadala, kwani mimba usiyoipanga ni hatari kubwa kuliko hivyo vidonge. Kama unavuta sigara au shisha, umejiongezea mzigo.

Basi la Dar ni safari inayozidi saa nne, na hapo ndipo kukaa kitako kunapoanza kuhesabika. Najua akina dada hawanywi maji siku ya safari kwa kuogopa vyoo vya njiani. Kunywa. Basi likisimama kuchimba dawa, shuka hata kama huna haja, utembee. Ukiwa kwenye kiti zungusha vifundo, inua visigino, na mzigo usiuweke miguuni ukakosa pa kuisogezea.

Kuna na wengine wanaosoma hapa ambao hawajazaa karibuni. Mzee aliyevunjika nyonga, kijana aliyefungwa P.O.P. mguuni baada ya ajali ya bodaboda, mgonjwa wa saratani, mwenye siko seli, anayeishi na virusi vya UKIMWI au anayetibiwa kifua kikuu, mtu mnene sana, na yeyote aliyewahi kuganda damu huko nyuma: mguu wenu mmoja ukivimba, hayo niliyomwambia mzazi yanawahusu.

Na wewe, mwanangu, siku utakayoshika mimba, habari ya dada na ya mama mdogo iwe ya kwanza kuisema kliniki, kabla hata hujapanda kwenye mzani.